Bitana ya Namba Tisa

Wiki iliyopita niliwaacha na mume wangu amekaa ukingoni mwa kitanda, mgongo kanipa, ananiambia kwa mara ya ishirini, "Niliirudisha." Nami nikamjibu, "Najua." Leo nianze kwa kukiri kwamba sikuwa najua. Nilikuwa natamani tu.

Kwa wewe uliyetukuta njiani, mambo yako hivi. Mume wangu ni mlinzi katika kampuni inayolinda wakubwa. Wiki nane kabla ya haya, bastola yake ilipotea. Yeye anasema mwisho wa zamu aliiweka kwenye dirisha la ghala la silaha, kama siku zote. Daftari la ghala linasema hakikurudi kitu. Mtunza ghala, mzee mmoja tunayemwita Babu Kufuli, anaapa hakuiona. Aliyesimama upande wetu ni mmoja tu: shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye naye ni mlinzi palepale na siku hiyo alikuwa nyuma yake kwenye foleni. "Nilimwona kaka akiiweka," alisema mbele ya wakubwa, bila kupepesa macho.

Mume wangu yuko nje kwa dhamana, na mdhamini ni mimi. Nilinyoosha mkono nikaapa kwamba bastola haiko kwetu. Kesi ilikuwa Ijumaa. Isipopatikana, anafungwa yeye. Ikipatikana kwetu, tunafungwa wote wawili, na binti zetu wanabaki kuhesabiwa na majirani.

Mimi kazi yangu ni ngozi. Ala zote za bastola wanazovaa walinzi wa kampuni ile nimezishona mimi, kwa mikono hii. Kwa hiyo wanaomshitaki mume wangu ndio wanaonipa kazi. Mdomo wangu ningeufungulia wapi?

Basi Jumatatu asubuhi simu ikalia.

"Fundi," alisema mkufunzi wa shabaha, mwanamume mfupi ambaye kila mtu anamwita Kocha. "Njoo ofisini na tepu yako. Kuna kazi ya haraka."

"Kazi, au maswali?"

"Kazi. Maswali waachie wenye suti."

Nilienda. Mezani alikuwa ametandika blanketi la kijivu, na juu yake bastola tatu zimelala, magazini zimetolewa, matumbo wazi.

"Kampuni inataka kubadilisha," Kocha alisema. "Jumatano tunazipiga zote tatu. Vijana wangu watasema zinavyopiga, wewe utasema zinavyobebeka. Bastola inayopiga vizuri lakini mtu anaiacha kwenye droo kwa sababu inamchubua kiuno ni sawa na kutokuwa nayo."

Ya kwanza niliijua kama ninavyojua sufuria zangu. Ndiyo waliyonayo miaka yote. Chuma kitupu, nzito, ya kizamani, na walinzi wanaiita Bibi kwa sababu haina papara. Risasi ya kwanza kifyatulio chake ni kirefu na kigumu mpaka kidole kinaomba maji. Kuanzia ya pili kinalainika. Na kwa kuwa ni nzito, teke lake inalimeza yenyewe, mkono hauruki. Lakini kuibeba! Miaka tisa mume wangu amevua mkanda jioni akiwa na alama nyekundu ubavuni kama mtu aliyelala juu ya kisu.

Ya pili ilikuwa mpya, nyeusi tii, chini plastiki juu chuma. "Hii wamekwishaibatiza Bwana Harusi," Kocha alisema. "Nyepesi, inabeba risasi kumi na tano, kifyatulio kinavutika vilevile kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Tatizo haina kitasa cha usalama pembeni. Usalama wake uko kwenye kifyatulio chenyewe."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kitasa ni wewe. Ala yako isipofunika kifyatulio sawasawa, mtu atajitoboa paja akichomeka shati."

Ya tatu ilikuwa ndogo, bapa, ingelala kwenye kiganja changu. Risasi saba tu. Nilijaribu kuiweka kiunoni juu ya gauni langu, nikajiangalia kwenye kioo cha dirisha, sikuona kitu.

"Inabebeka kama simu," nikasema.

"Hiyo ni Pilipili. Usiisifu kabla hujaila. Ikilia inaruka, na ukiishika vibaya chuma cha juu kikirudi nyuma kinakung'ata hapa." Akanionyesha katikati ya kidole gumba na cha shahada.

Mlango ukafunguliwa. Babu Kufuli akaingia na gunia begani, akalimwaga sakafuni. Ala kumi na mbili, kuukuu na mpya, kila moja na namba yake mgongoni.

"Nimewavua leo kwenye gwaride, bila taarifa," Kocha alisema. "Mtu akijua utamkagua, anapaka dawa ya viatu. Zipekue. Nataka kujua Bibi amezila wapi, ili mpya usizishone na ugonjwa uleule."

Mnielewe hapa, maana ndipo mkasa ulipozaliwa. Kampuni ile ina kanuni moja: mwisho wa zamu bastola inarudi ghala, ala inakwenda nyumbani na mwenyewe. Ngozi haiui mtu, kwa hiyo hakuna anayeihesabu.

Babu Kufuli hakuondoka. Alisimama akizungusha funguo zake.

"Utakaa nazo siku ngapi, fundi?"

"Mbili."

"Zihesabu mbele yangu."

"Babu, huniamini?"

"Zihesabu. Moja moja. Uzishike."

Nikazihesabu, roho inanichemka. Mtu aliyempoteza mume wangu ananifundisha uaminifu! Nilipofika namba tisa nikamwona amesimamisha zile funguo. Nilipoipita akaanza kuzizungusha tena. Nikasema moyoni, huyu mzee ana jambo. Na nikaondoka nikiamini kwamba jambo lake ni uovu.

Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu: meza, taa, cherehani, na chini ya meza debe la vipande. Nilikaa nikaanza kazi.

Ala haikaguliwi kwa macho. Unatia kidole. Ndani naweka bitana ya ngozi laini, na bitana ndiyo inayosimulia. Kila bastola inaandika humo mahali inapogusa, ikiingia na kutoka. Moja, mbili, tatu, nne, zote zilisimulia hadithi moja: Bibi anachubua mdomoni na anabana chini.

Namba tisa nilitia kidole nikakitoa kama nimeguswa na pasi.

Nikarudisha polepole. Mfereji. Ulianzia mdomoni ukashuka hadi chini, mwembamba, mkali, umeegemea kulia kidogo.

Mfereji ule naujua. Miaka kadhaa iliyopita bastola ya mume wangu ilianguka kutoka kwenye gari, kile kijino cha mbele cha kulengea kikang'oka. Kampuni ikampeleka kwa fundi mmoja wa shaba, akamchomea kipya. Kikatoka kirefu kuliko vya wenzake kwa unene wa ukucha, na kimekaa upande. Risasi zikawa zinashuka chini, ikabidi mume wangu ajifunze kulenga juu kidogo ya anapotaka kupiga. Walinzi walicheka mpaka wakachoka: Bibi ana jino la shaba! Na kila ala niliyomshonea mume wangu tangu hapo, jino lile lilikuwa likiichimba mfereji uleule. Katika kampuni nzima hakuna Bibi mwingine mwenye jino hilo.

Nikasema labda ni ala ya zamani. Nikafungua daftari langu la vipimo. Namba tisa: nimeishona wiki sita zilizopita.

Bastola ilipotea wiki nane zilizopita.

Yaani bastola ambayo polisi wanaitafuta, ambayo mume wangu anakaribia kufungwa kwa ajili yake, imelala ndani ya ala niliyoishona mwenyewe baada ya bastola hiyo kupotea. Na imelala humo mara nyingi. Mfereji hauchimbwi kwa siku mbili.

Nikaipindua ala kwenye taa. Mgongo wake, upande unaolalia mwili, ulikuwa na jasho la kawaida. Lakini na uso nao, upande wa nje, ulikuwa na jasho, tena lile la chumvi nyeupe. Ala hii niliishona kwa mtu wa mkono wa kulia. Ili uso wake upate jasho, lazima mtu ameigeuza akaichomeka ndani ya suruali, kiunoni upande wa kushoto.

Mtu wa mashoto.

Katika kampuni nzima mtu wa mashoto ninayemjua ni mmoja. Ndiyo maana kazini wanamwita Shoto. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa akisimulia jinsi mkono ule ulivyomshinda: aliufunga kitambaa, aliuchapa, aliunyima kijiko, wapi. Shoto ni mume wangu.

Kabla sijafunga daftari, mlango ukabishwa. Alikuwa shemeji, bado yuko kwenye sare.

"Shem, u mzima?"

"Mzima. Mbona mapema?"

"Nilikuwa napita." Macho yake yalikuwa mezani. "Nasikia umeletewa ala zetu. Yangu umeshaifikia?"

"Yako namba ngapi?"

Namba nilikuwa naijua. Nilitaka kuisikia kinywani mwake.

"Tisa."

Nikamtazama. Yeye akatazama mlango, akausukuma ukafunga, akavuta kigoda akakaa karibu yangu mpaka magoti yakakaribia kugusana.

"Umeona, sivyo?" alisema kwa sauti ya chini.

"Nimeona nini?"

"Shem, usinifanye niseme. Ala ile haikai kwangu. Jioni nikitoka zamu huwa namwachia kaka. Alinibembeleza. Nilidhani anaitaka tu kwa ukiwa, mtu amezoea kitu kiunoni miaka. Juzi ndipo nilipojua anaitilia nini."

Nikaibana ala kifuani.

"Usimuulize," aliendelea. "Ukimuuliza atavunjika, na mtu aliyevunjika mwenye bastola ni hatari. Mimi nimeshasema uongo kwa ajili yake mbele ya wakubwa. Niliona akiiweka? Sikuona kitu. Nilimtetea kwa sababu ni damu yangu."

"Sasa nifanye nini?"

Alisimama, akaniwekea mkono begani. "Wewe ni fundi, shem. Fundi anakosaje kujua namna ya kuficha mshono?"

Akaondoka. Nikabaki na ala mkononi, nikalia bila sauti ili binti zangu waliokuwa ndani wakifanya kazi za shule wasisikie.

Jioni mume wangu akaingia, viatu vimejaa vumbi, shati liko nje ya suruali.

"Umetoka wapi?"

"Kutembea."

"Kutembea wapi na vumbi lote hilo?"

"Mama watoto, mtu asiye na kazi hatembei?"

Wiki nane alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jioni, na jibu lake ni hilo hilo. Nilikuwa nimeshazoea kulipokea. Siku hiyo halikupita kooni. Nikamwendea, nikamkumbatia. Tangu balaa lianze nilikuwa sijamkumbatia. Alishangaa, akanishika. Mikono yangu ikateremka mgongoni, ikafika kiunoni, ikazunguka kushoto.

Hakuwa na kitu. Ila mwili wake ulikuwa umekuwa mgumu.

"Mke wangu," alisema polepole, "unanipapasa au unanipekua?"

"Nimekukosa tu."

Aliitoa mikono yangu, mmoja mmoja, akaenda kunawa uso. Hakuniangalia tena mpaka tulipolala. Na mimi nikajiambia, bastola si kucha, mtu huiacha pengine. Yaani hata baada ya kumkuta mikono mitupu, bado nilimhukumu.

Jumanne ndiyo siku ninayoikiri hapa. Wengine wamezoea kunihurumia, leo mkitaka kunitukana nitukaneni.

Nilisubiri nyumba iwe tupu. Nikafumua mshono wa namba tisa, nikaichomoa ile bitana yenye mfereji. Bitana zangu zote nazigonga namba kwa nyuma kabla ya kuzishona, mahali ambapo hakuna anayeona isipokuwa mimi. Ile ilikuwa na tisa yake, na tarehe yake. Nikakata bitana mpya, nikaishona. Nikaifuta ala kwa sabuni ya ngozi nje na ndani, jasho lote likatoka. Nikasugua kwa mfupa mpaka ikang'aa kama imetoka dukani.

Kazi ilikuwa safi. Ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kuzifanya kwa kampuni ile.

Bitana ya zamani niliitupia debeni, kama ninavyotupia kila kipande. Mama yangu aliyenifundisha kazi alinikataza kutupa ngozi hata ya upana wa kidole: kesho itakuwa kiraka. Mkono wangu uliitupia humo wenyewe, akili iko kwa mume wangu.

Jumatano, kiwanja cha shabaha. Ukuta wa udongo upande mmoja, mabango kumi na mawili ya karatasi, jua kali. Nilikaa kwenye benchi pembeni nimevaa vizibo vya masikio, ala zote zimepangwa mbele yangu. Babu Kufuli alikaa kwenye kiti chake cha kukunja karibu na sanduku la bastola, akihesabu kila inayotoka.

"Haya fundi," Kocha aliniita mbele ya walinzi wote. "Umezipekua?"

"Nimezipekua."

"Zina nini?"

"Zimechakaa sawasawa. Bibi anakula mdomo na kitako. Mpya nitazipa mdomo mpana, na chini nitaongeza ngozi."

"Hakuna ya ajabu?"

"Hakuna."

Nilisikia kiti cha Babu Kufuli kikilia. Sikugeuka.

Wakaanza. Bibi alipiga kama alivyo: taratibu, risasi ya kwanza ya kila mtu ikienda kombo kwa ugumu wa kifyatulio, zinazofuata zikirudi kati. Bwana Harusi aliwashangaza. Mikono haikuruka sana, matundu yakajikusanya, na mlinzi mmoja mnene akatangaza kwamba ameoa. Lakini wawili walipochomoa haraka, vidole vyao vilikuwa vimeshafika kwenye kifyatulio kabla mtutu haujatoka kwenye ala ya majaribio, na Kocha akawatukana mpaka nikaona aibu kwa niaba ya mama zao. Nikaandika: ala ya huyu iwe ngumu, ifunike yote.

Pilipili ikawatoa machozi. Mlinzi aliyeisifu asubuhi kwa kutoonekana alikosa bango zima kwa risasi nne. Mtutu ni mfupi, kijino kiko karibu na jicho, mkono ukitikisika kidogo tu, risasi inakwenda kwa jirani. Shemeji alipofika zamu yake, akapiga tatu, akaruka. "Imening'ata!" Damu ilikuwa inamtoka kwenye mkono wa kulia, palepale Kocha alipokuwa amenionyesha. Wenzake wakacheka.

Wakati wa kujaza magazini akanijia, kitambaa amejifunga mkononi, akaokota namba tisa, akatia kidole ndani.

"Kazi safi, shem," alisema taratibu. "Bitana mpya kabisa. Ile ya zamani umeitupa?"

Nikajibu bila kufikiri, kama ninavyomjibu kila mteja. "Fundi hatupi kipande. Iko kwenye debe langu."

Alitabasamu. "Ahsante. Umemwokoa kaka."

Nikajisikia vizuri. Nakiri hilo pia.

"Mwisho!" Kocha alipaza sauti. "Mkono wenu mzuri umevunjika, umepigwa risasi, umeumwa na mbwa. Risasi tano kwa mkono mwingine. Bastola isiyopigika kwa mkono mbovu siitaki."

Walinzi wakalalamika, wakahamisha bastola. Ulikuwa mchezo wa kuigiza. Risasi zilichimba udongo, nyingine zikapita juu ya ukuta. Yule mnene alipiga bango la mwenzake. Kocha alikuwa akicheka peke yake, akaandika.

Ikafika zamu ya shemeji. Mkono wa kulia una kitambaa, akaishika Bwana Harusi kwa kushoto. Sijui kama alisahau, au maumivu yalimtoa akili. Mwili wake wote ukabadilika. Mguu ukajipanga wenyewe, bega likashuka, shingo ikalala. Alikuwa mtu aliyerudi nyumbani.

Risasi tano. Kiganja changu kingeyafunika matundu yote, na yote yalikuwa juu kidogo ya kati, kama ya mtu aliyezoea kulengea jino refu.

Kocha akavua miwani.

"Kumbe wewe ni shoto?"

"Bahati tu, mkuu," shemeji alisema, na haraka akahamisha bastola mkono wa kulia, ule wenye damu.

Mimi nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama. Maneno ya mama mkwe yalinirudia, na safari hii na nusu yake ya pili, ambayo kwa miaka yote sikuwa na sababu ya kuikumbuka. "Mkono wa mkubwa ulinishinda," alikuwa akisema, kisha anacheka. "Ila mdogo wake nilimnyoosha."

Wote wawili walizaliwa mashoto. Mmoja alijifunza kuficha, na ndiye aliyekuwa nyuma ya mwenzake kwenye foleni ya ghala.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikwenda kukitafuta kwenye nguo za mume wangu, nikampekua kama mwizi, na kumbe kilikuwa kimekaa kwenye kigoda changu, goti kwa goti, kinaniita shem.

Babu Kufuli alikuwa amesogeza kiti chake mpaka kwenye benchi langu. Alizungumza bila kunitazama.

"Namba tisa ilikuwa na bitana ya kahawia. Nilitia kidole Jumatatu, kabla sijakuletea. Hii nyeupe imetoka wapi?"

Nikazitazama ala zilizopangwa mbele yangu.

"Mimi nikisema, wanasema mzee anajitetea. Nikasema wacha fundi aione mwenyewe. Mkewe ataongea." Sauti yake ilikatika. "Nilikuhesabisha ili uishike, mwanangu. Nilitaka uishike."

Simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Mume wangu. Mara ya kwanza kwa wiki nane nilisikia furaha kwenye sauti yake.

"Mama watoto! Nimempata!"

"Umempata nani?"

"Fundi wa shaba! Alihama, nimemtafuta kijiwe kwa kijiwe wiki zote hizi, sikutaka kukwambia usije ukatumaini bure. Amekubali kuja Ijumaa. Bado anacho kipande cha shaba kilichobaki alipokata jino lile, na kipimo chake. Anasema tukipata tu ngozi iliyobeba bastola ile, kipimo kitaingia kwenye mfereji kama ufunguo kwenye kufuli. Kuna ala kumi na mbili huko kwako. Wewe kidole chako kinajua, mke wangu. Umeshazipekua?"

Vumbi la viatu vyake. Kutembea. Mungu nisamehe.

"Nimezipekua," nikasema.

"Na?"

Nikakumbuka debe. Niliitoa bitana, lakini sikuichoma. Iko pale, chini ya meza, na namba yake nyuma, na tarehe yake. Nilitaka kupiga kelele kwa furaha, na furaha hiyo iliishi kwa muda wa pumzi moja. Nilikumbuka ni nani mwingine anayejua iko wapi, na nani aliyemwambia.

"Uko mbali na nyumbani?" nikamuuliza.

"Saa nzima. Kwa nini?"

Mbele yangu Kocha alikuwa amewapanga walinzi warudishe bastola. Babu Kufuli alizipokea moja moja, akafunga sanduku. Bastola zote zilikuwepo. Nikawahesabu watu, kichwa kwa kichwa, nikawahesabu tena. Kumi na mmoja.

"Kocha," nikasema, na simu bado iko sikioni, "tisa yuko wapi?"

"Nimemruhusu sasa hivi. Kaenda kufunga kidonda."

Mwezi uliopita, bomba lilipopasuka jikoni, nilimpa shemeji ufunguo wa nyumba yetu, akae nao moja kwa moja.

"Kidonda kiko mkono gani?" nikauliza, kana kwamba sikuwa nimeona.

"Wa kulia," Kocha alijibu. "Usijali, fundi. Wa kushoto mzima kabisa."